Faili Lenye Jina Langu

Wa rika langu mnaikumbuka harufu ile: vumbi linaloungua polepole ndani ya kompyuta yenye kisogo kikubwa, imevishwa kitambaa cha kufuma kama kochi la sebuleni. Wiki iliyopita fundi alitoa mashine moja kuukuu stoo ya ofisini kwetu, ili tunakili kumbukumbu za zamani. Alipoiwasha harufu ikapanda, na mimi, mtu mzima mwenye watoto wawili, nikainuka nikatoka nje. Wenzangu walidhani kifua kinanisumbua, nami nikawaacha wadhani hivyo. Si rahisi kumweleza mtu wakati wa chai kwamba ulipokuwa na miaka kumi uliishi siku tisa ukiamini umekufa.

Nilikuwa naishi Mwisenge, Musoma mjini, kwa mama mkubwa Zuhura, dada wa mama yangu. Lakini nilizaliwa na kukulia Bunda, ambako mama alikuwa na cherehani kwenye baraza la duka la watu. Msimu mmoja wa mvua tuliugua malaria mimi na yeye, wiki ile ile. Nakumbuka turubai la pikapu likipigapiga juu yetu njiani, na kichwa changu kikiwa kwenye mapaja yake, mapaja yenye joto kuliko kichwa. Baada ya hapo sikumbuki kitu. Nilipopata fahamu sawasawa nilikuwa kwenye godoro la mama mkubwa, nimenyolewa nywele zote, nimefunikwa kanga ambayo haikuwa yetu. Nikamuulizia mama.

"Amepelekwa Mwanza," mama mkubwa alisema, akipangusapangusa mto ambao haukuwa na vumbi. "Kule kuna madaktari wakubwa. Akipona atakuja."

Nilisadiki. Kwetu mtu mzima akishasema, jambo limeshakuwa. Nikaanza shule mpya, nikajifunza njia ya kwenda ziwani, nikazoea. Ila kuna vitu vilikuwa haviendi sawa, na kwa kuwa sikuwa na wa kumuuliza, niliviweka moyoni kimoja kimoja. Wanawake wazima walikuwa wakinyamaza nikiingia. Walikuwa wakija wageni, wananishika kichwa, wananitazama kwa muda mrefu kupita kawaida, wanasema "maskini", halafu wanaondoka bila kumaliza uji. Shuleni mwalimu wa darasa alikuwa ameongeza jina langu chini kabisa ya daftari la mahudhurio, nje ya mstari, na mara nyingi alilifunga kabla hajalifikia.

Mama mkubwa alikuwa mpiga chapa. Kabla mimi sijaja kwake, kiwanda alichofanyia kazi kilipofungwa na wafanyakazi kupunguzwa, alichukua alichopewa akaenda Mwanza, akarudi na kompyuta iliyokwisha kutumika na printa iliyokuwa ikilia kama mbuzi. Akaviweka chumba cha mbele. Watu waliletaga kila kitu: barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mitihani ya shule, na tanzia za kupeleka redioni. Alikuwa na vidole vyepesi ajabu, lakini mashine yenyewe alikuwa akiiogopa. Hasa aliogopa ukurasa mtupu. Hakujua kuuanzisha. Kwa hiyo kila mteja akija, alifungua barua ya zamani, akafuta yaliyomo, akaandika mapya, akaihifadhi kwa jina jipya. Alifuta kwa kushikilia kitufe, akitazama maneno yakirudi nyuma moja moja kama siafu wanaoingia shimoni.

Mimi sikuruhusiwa kuigusa, isipokuwa kuifunika kitambaa.

Siku hiyo ilikuwa mchana, saa ya adhuhuri. Mama mkubwa alikuwa uani anaswali. Mtaa ulikuwa umenyamaza, na kutoka upande wa ziwa lilikuwa limepanda wingu la vile vidudu vya ziwani, jeusi, refu kama moshi wa nyumba inayoungua bila sauti. Baadhi yao walikwisha kufika, wamejibandika kwenye kioo cha kompyuta kwa sababu ya mwanga. Nikakaribia niwafute kwa pindo la gauni. Ndipo nikaona, katikati ya mafaili, moja limeandikwa NURU UHAMISHO.

Nuru ni mimi. Sikuwahi kuliona jina langu likiwaka. Nikashika mausi, nikabonyeza, lakini nilibonyeza kitufe cha kulia badala ya cha kushoto, ikateremka orodha ya maneno ya Kiingereza. Nikabonyeza neno moja, likaja dirisha lingine lenye picha ndogondogo. Moja ilikuwa picha ya daftari, kama daftari langu la shule. Nikaichagua. Chini ya dirisha hilo kulikuwa na kisanduku kitupu, na pembeni yake maandishi nisiyoyaelewa. Shuleni kisanduku kitupu huwa kinangoja vema, na mimi kwenye shule ile mpya vema nilikuwa sijapata nyingi. Nikajipa. Nikabonyeza kukubali.

Mafaili yote yakabadilika sura kwa pamoja. Barua zote, mitihani yote, harusi zote na tanzia zote zilikuwa na alama ya buluu, na sasa zote zikawa na sura ile ile ya kidaftari, safu kwa safu, kama kundi la watu waliogeuza vichwa kukutazama. Halafu faili langu likafunguka lenyewe.

Halikuwa barua. Vilikuwa visanduku vitupu vimejipanga kama meno, herufi zenye nukta kichwani, alama za ajabu, mistari na mistari ya kitu ambacho si lugha. Ilikuwa kama mtu anaongea na maji mdomoni. Na ndani ya mvurugo ule, ghafla, Kiswahili safi: *Nuru*. Kisha *darasa la nne*. Kisha visanduku, visanduku vingi. Kisha *marehemu*. Kisha *kwa ugonjwa wa malaria*. Visanduku tena. Na mwisho kabisa, ukingoni mwa kioo: *mazishi yatafanyika Butiama, saa saba mchana*.

Butiama ndiko kwa bibi yangu.

Nikafunga dirisha. Nikaifunika mashine na kitambaa chake, nikatoka nje nikasimama uani. Mama mkubwa alikuwa kwenye sijda, hakuniona. Nikatazama chini nitafute kivuli changu, na hakikuwepo.

Sasa najua kwamba sisi tunaoishi karibu hivi na ikweta kuna siku katika mwaka jua linakaa utosini, na kivuli cha mtu kinaingia chini ya nyayo zake. Hata mlingoti wa antena ya jirani haukuwa na kivuli saa ile. Lakini mtoto wa miaka kumi haangalii antena. Nilisimama pale kwenye mwanga mweupe na kila nilichokuwa nimekiweka moyoni kikajipanga chenyewe. Mama hakuwa Mwanza. Mama alikuwa Bunda, analia msiba wangu. Ndiyo maana haji. Mtu hamtembelei aliyemzika. Na hawa wanaoninyamazia, wananishika kichwa, wanashangaa kwa nini bado niko hapa.

Madrasani ustaadhi alikwisha kutufundisha kwamba maiti kaburini husikia viatu vya waliomzika wakiondoka. Kuanzia siku ile nikawa nasikiliza viatu. Mteja akitoka chumba cha mbele, nilikaa nyuma ya pazia nikahesabu hatua zake mpaka zinapotea barabarani, na kila zilipopotea mikono yangu ilikuwa baridi. Nilijifinya, nikaumia, lakini nani alisema aliyekufa haumii? Nilisimama mbele ya mbwa wa jirani, akanitazama, kisha akatazama kitu kilicho nyuma yangu. Nikaacha kula. Sikususa chakula. Niliona tu kwamba si changu, ni cha watu walio hai, na kwamba mama mkubwa ananipa kwa huruma.

"Huyu mtoto halagi," nilimsikia akimwambia jirani. "Anakaa tu anachezea ukoko. Sijui nimpeleke hospitali tena."

Yeye mwenyewe alikuwa kwenye balaa lake. Asubuhi iliyofuata alifungua mtihani wa shule moja, ukatoka visanduku. Akafungua kadi ya harusi, visanduku. Barua ya kijiji, visanduku. Kwa siku kadhaa aliiwasha na kuizima, akiisomea Ayatul Kursiy kabla ya kugusa kitufe. Wateja walikuja wakarudi mikono mitupu. Alianza kusema kuna mtu ameitia jicho, na alipokuwa akisema hivyo alikuwa akitazama mlangoni, si kwangu. Nami sikusema. Niliogopa kwamba nikisema nimesoma, nitaambiwa basi, umekwisha kujua, sasa nenda.

Siku ya nane alikuja mtu kutoka sokoni anayejua redio. Akaiangalia, akatingisha kichwa.

"Hii ipelekwe Mwanza," alisema. "Wataifuta yote, ianze upya kama mpya."

"Na kazi zangu zilizomo?"

"Zitaondoka."

"Majina ya watu, kila kitu?"

"Kila kitu, mama. Itabaki nyeupe."

Nilikuwa nyuma ya pazia. Sijawahi kuogopa hivyo tena, hata nilipojifungua kwa shida nikasikia wauguzi wakiitana. Nilielewa kwamba kilichobaki cha mimi kimo mle ndani, kwenye lile faili, na kesho kutwa kitapakiwa kwenye basi la Mwanza kikafutwe.

Kesho yake, siku ya tisa, alifika Mwalimu Wambura. Alikuwa mwalimu wa hesabu kule Nyegina, mrefu, anaendesha baiskeli akiwa na kalamu mbili kwenye soksi. Alifuata mitihani yake. Mama mkubwa akamweleza, sauti ikimkatika, kwamba mitihani haipo, mashine imeharibika, inakwenda kufutwa.

"Hebu kwanza," alisema. Akavuta kiti.

Misheni ya kule kwao ilikuwa na kompyuta kabla yetu, na yeye alikuwa amejifunza kwa kusoma vitabu vyake usiku na kuuliza. Akafungua faili moja, akaona visanduku. Akafunga. Akafungua jingine. Akacheka kidogo puani.

"Dada Zuhura, hii haiumwi. Imeambiwa vibaya tu."

"Imeambiwa na nani?"

"Na aliyekaa hapa. Angalia. Kila faili lina jina lake, halafu nyuma yake, baada ya nukta, lina jina la ukoo. Mashine haiangalii jina. Inaangaliaga ukoo tu, basi inajua hili nipeleke kwa programu gani. Barua zako zote ni ukoo mmoja, zinakwendaga kwenye programu ya kuandikia. Sasa kuna mtu ameiambia kwamba ukoo huu, kuanzia leo na siku zote, uende Notepad, hii programu yenye picha ya daftari. Na Notepad haijui lugha yao. Inawasoma hivi hivi, matumbo nje."

Akabonyeza kitufe cha kulia. Ikateremka ile orodha. Likaja lile dirisha la picha. Nilikuwa nimetoka nyuma ya pazia bila kujijua. Nilimwona akichagua programu yenye alama ya buluu, akashuka kwenye kile kisanduku kitupu, akakitia vema, akakubali. Mafaili yote yakageuka pamoja, yakarudi sura zake. Mama mkubwa akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo, akakimbilia jikoni kuweka chai.

"Tujaribu," Mwalimu alijisemea. Akabonyeza lililokuwa karibu na kidole. Lilikuwa langu.

Ikafunguka barua safi. Yah: Uhamisho wa mwanafunzi Nuru, darasa la nne, kutoka Bunda. Mistari minne na sahihi. Hakukuwa na marehemu. Hakukuwa na Butiama. Nilitazama juu, nikatazama chini, ukurasa ulikuwa mweupe kama sanda.

"Mwalimu," nilisema, "mtu aliyekufa anajuaga kwamba amekufa?"

Aliondoa mkono kwenye mausi. "Kwa nini unauliza hivyo?"

"Mimi nilikuwa nimeandikwa humo. Umenitoa sasa hivi."

Nashukuru mpaka leo kwamba hakucheka. Aligeuza kiti akanitazama usoni, kichwa changu chenye nywele zilizoanza kuota, mikono yangu iliyokonda. "Wewe ndiye uliyebadilisha," alisema, na haikuwa lawama. "Ulisoma nini?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimeyashika maneno yote kwa mpangilio wake, kama sura ya Kurani.

Akageuza kiti tena kwenye mashine. Kisha akafungua Notepad yenyewe, akalifungua faili langu kwa ndani, taratibu, safari hii bila kuweka vema popote. Visanduku vikarudi. *Nuru. Marehemu. Mazishi yatafanyika Butiama.* Nikashika ukingo wa meza. Lakini yeye hakuishia pale nilipoishia. Alibonyeza kushuka chini, mahali ambapo mimi sikujua kwamba kuna chini, na akaendelea kushuka. Nilimwona akisoma. Nilimwona akiacha kusoma.

"Dada Zuhura," aliita. "Acha chai. Njoo."

Mama mkubwa alikuja mikono ikiwa na majani ya chai. Akainama kwenye kioo. Midomo yake ilitembea bila sauti mpaka ilipofika mahali ikaacha.

"Nilifuta," alisema. "Hii niliifuta kwa mkono wangu mwenyewe."

"Ulifuta kwenye ukurasa," Mwalimu alisema. "Kwenye faili huwa inabakiga nyuma. Programu inaificha tu." Kisha akasema, kwa sauti ya chini zaidi, "Mtoto ameisoma nusu. Anadhani ni yeye."

Mama mkubwa aliniangalia. Sijui aliona nini, lakini alikaa sakafuni pale pale, kwenye vumbi la waya, akanivuta kwa mikono yote miwili mpaka uso wangu ukagusa shingo yake. Mshipa wake ulikuwa unapiga.

"Nuru, sikiliza. Hujafa. Uko hapa kwangu, uko hai, unasikia? Hujafa wewe."

Na nikafurahi. Nasema ilivyokuwa. Furaha iliniingia kuanzia miguuni kama maji ya moto, nikasikia njaa kwa mara ya kwanza baada ya siku zile zote, nikasikia harufu ya chai ikichemka na kumwagikia jikoni. Ilikuwa furaha nzima, haina kasoro, na nilikuwa bado ndani yake aliposema neno lililofuata.

"Ni mama yako."

Alinieleza yote pale sakafuni, Mwalimu akiwa ametoka kusimama na baiskeli yake barazani. Tuliletwa hospitali pamoja. Mama alifariki siku ya tatu, mimi nikiwa sijitambui kitanda cha pili yake. Tanzia ya redioni aliiandika mama mkubwa mwenyewe, kwenye mashine ile. Nilipozinduka nilikuwa dhaifu, daktari akasema nisishtuliwe. Wakasema wangoje wiki. Wiki ikapita. Kila siku waliyongoja ilifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi, mpaka ikawa kana kwamba uongo ule ndio uliokuwa ukiniweka hai. Na siku alipohitaji kuandika barua ya shule yangu, alifungua faili la karibu, akashikilia kitufe mpaka jina la mdogo wake likarudi nyuma herufi kwa herufi na kwisha, akaandika langu.

Sikulia siku ile. Nilikula sahani mbili za ugali na sato, nikalala mchana kweupe.

Ijumaa mama mkubwa alinipeleka Butiama. Tulipanda pikapu mpaka njia panda, tukatembea katikati ya mihogo. Bibi alikuwa anatungoja nyuma ya nyumba, kwenye kaburi, ameinama anang'oa majani yaliyoota kati ya mawe. Mama mkubwa alisoma dua, akalia, akaingia ndani kutafuta maji. Tukabaki wawili. Jua lilikuwa kali, ng'ombe walikuwa mbali bondeni, na kulikuwa na ukimya ule wa mchana ambao nilikuwa nimejifunza kuuogopa. Nilisimama miguuni mwa kaburi la mama yangu, na machozi hayakuja, kwa sababu kulikuwa na kitu kimeyazuia njia.

"Bibi," nilisema. "Waliponiambia si mimi niliyekufa, nilifurahi."

Bibi hakuinua kichwa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima. Aling'oa jani, akalikung'uta udongo, akaliweka kando.

"Nilikuwepo kule hospitali," alisema. "Mama yako usiku ule hakuulizaga kitu kingine. Aliuliza moja tu. Mtoto anapumua? Tukamwambia, anapumua. Akaweka mkono hapa." Alijigusa kifuani. "Akacheka. Na homa ile yote, akacheka."

Akang'oa jani jingine.

"Basi mlifurahi wawili," alisema.

Ndipo nililia. Nililia mpaka nikapiga magoti, na bibi akaniacha nilie bila kunishika, mpaka nilipomaliza. Kisha akanionyesha kwa kidevu upande wa kichwani, ambako majani yalikuwa bado mengi, na tukaendelea kuyang'oa pamoja.